Uwanja wa Saa Nne

Kengele ya saa nne iligongwa, na hakuna mtoto aliyetoka.

Bibi Kristiana alikuwa ameshafunua sufuria yake ya viazi vitamu pale nje ya ua wa shule. Mvuke ulikuwa unampanda usoni, kopo la chumvi liko mkono wa kushoto, na mkono wa kulia uko tayari kuwachapa vidole wale wanaominya kila kiazi kabla ya kuchagua. Miaka sita alikuwa akiuza mahali hapo. Alijua kwamba ile rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi ikigongwa mara ya kwanza, mara ya pili haisikiki tena, maana watoto mia nne huwa wameshamwagika nje kama maharage gunia limepasuka. Siku hiyo rimu iligongwa mara tatu, na kila mlio ukasikika mpaka mwisho wake, kama msibani.

Akaliacha kopo, akasogea kwenye ua wa minyaa, akachungulia.

Uwanja ulikuwa mweupe. Mahindi yaliyopukuchuliwa yalikuwa yametandazwa kutoka goli hadi goli, bila turubai wala mkeka, na wanawake saba waliofunga vitenge kichwani walikuwa wakiyageuza kwa reki. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Getruda, binti yake wa kumzaa, ambaye wiki nzima alijisifu nyumbani kwamba amepata kibarua kwa tajiri wa mahindi bila kusema kibarua chenyewe kiko wapi. Nyuma yao, kwenye madirisha ya madarasa yasiyo na vioo, vichwa vya watoto vilikuwa vimepangwa kama mafungu ya nyanya.

"Getruda! Watoto wamekufa?"

"Mama, nyamaza. Niko kazini."

"Naona. Umewakalia watoto."

Mtu mmoja aliyevaa koti la suti juu ya suruali ya jinzi akaja mpaka kwenye ua. Huyo ndiye aliyekuwa Bwana Flavian, wakala wa tajiri wa mahindi. Tajiri mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Lori lake tu lilijulikana, likipita kwenda Kasesya na kurudi, tupu likienda au tupu likirudi, kutegemea bei iko upande gani wa mpaka.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Wateja wangu wako wapi?"

"Wanasoma. Tumepatana na shule. Mapumziko yamesimama kidogo mpaka mahindi yakauke."

"Yatakauka lini?"

"Haya, wiki mbili. Halafu yanakuja mengine."

"Na hayo mengine yakikauka?"

"Yanakuja mengine, bi mkubwa!" Bwana Flavian akacheka, akaonyesha meno mazuri. "Hilo ndilo soko huria."

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, dola ruksa, baa kufunguliwa asubuhi ruksa, mtu kununua mahindi ya Ufipa yote akayapeleka anakotaka ruksa. Bibi Kristiana hakuwa na neno na ruksa hizo, na kitenge alichovaa siku hiyo kilikuja kwa ruksa kutoka Zambia. Lakini alirudi kwenye sufuria yake akiwaza kwamba katika ruksa zote zilizotangazwa, walimsahau mtoto wa miaka minane anayetaka kukimbia kutoka hapa mpaka pale.

Siku hiyo aliuza viazi viwili, vyote kwa mwalimu wa darasa la tano.

*

Utaratibu mpya wa Shule ya Msingi Kichuguuni ulikuwa rahisi. Saa nne ikifika, kila mtoto akunje mkono mmoja kifuani na kidole cha mkono wa pili akiweke mdomoni, akae hivyo nusu saa. Wanaotaka kwenda chooni waende watano watano, kwa kuzunguka nyuma ya ofisi, wakisindikizwa na kiranja mwenye fimbo. Vyoo vilikuwa ng'ambo ya uwanja. Kuzunguka kulikuwa mbali, na foleni ni ndefu. Wiki ya kwanza watoto wanne wa darasa la kwanza walijilowesha kwenye madawati, nao waliambiwa waende na madawati yao nje kuyaosha, mbele ya wenzao.

Halafu ilikuwa Juni. Anayeijua Sumbawanga anaijua Juni yake: upepo unashuka kutoka milimani kama unadai kitu, na mtoto wa shati moja hana blanketi lingine ila miguu yake mwenyewe. Zamani saa nne wavulana walikimbiza mpira wa matambara, wasichana wakacheza rede na kuruka kamba, na kengele ya kurudi darasani iliwakuta wanatoa jasho. Sasa walikaa. Bibi Kristiana aliwatazama kupitia minyaa akaona midomo imepauka na magoti yanagongana, kidole kiko mdomoni.

Mjukuu wake Redempta, wa darasa la pili, alikuwa akifika nyumbani saa saba anatupa mfuko wa madaftari mlangoni na kuanza kuizunguka nyumba. Hakusalimia mtu. Alizunguka mara ishirini, mara thelathini, mdomo wazi, kama ndama aliyekuwa amefungwa.

"Huyu ana nini?" Getruda aliuliza siku moja, akiwa amejilaza kwa sababu ya maumivu ya mgongo.

"Ana miguu," mama yake akamjibu. "Ugonjwa mbaya sana siku hizi."

"Mama, usinianze. Hicho kibarua ndicho kinachomnunulia madaftari."

"Sijasema kitu."

"Kunyamaza kwako kuna maneno mengi kuliko kusema kwako."

Hilo lilikuwa kweli, na bibi akanyamaza zaidi.

Wala tusimwonee Mwalimu Raymond, mwalimu mkuu. Paa la darasa la tatu lilikuwa limeondoka na upepo mwaka uliopita. Chaki alikuwa anazikata vipande vitatu vitatu kwa wembe. Ameandika barua halmashauri mpaka kalamu imekauka, na jibu alilopata ni kwamba siku hizi shule zibuni miradi. Bwana Flavian alipokuja na ahadi ya mabati ishirini na mifuko mitano ya saruji, Mwalimu Raymond alimpa mkono kabla hajamaliza sentensi. Ghala la chama cha ushirika lilikuwa hatua mia tatu tu kutoka hapo, zima, na sakafu yake ya saruji. Lakini chama kilikuwa kimekufa, mirathi yake ina kesi, na ndani yake wanaishi popo. Uwanja wa watoto haukuwa na kesi.

*

Jambo lenyewe lilitokea wiki ya tatu, siku ya Jumanne, mwalimu wa darasa la pili alipokwenda mjini kufuatilia mshahara.

Bibi Kristiana alikuwapo, ameinamia sufuria yake. Kwanza alisikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa kupura ulezi, ule anaouimba yeye mwenyewe kila mwaka shambani pembeni ya Izia, wakati masuke yakishatandazwa kwenye uwanja uliokandikwa na watoto wote wa ukoo wakaitwa waingie wayakanyage. Siku hiyo huwa hakuna mtoto anayekemewa. Anayeruka juu zaidi ndiye anayesifiwa zaidi, na wakimaliza wanapangwa mstari wanapewa togwa kwa kata moja, mdogo akianza.

Akainua kichwa. Darasa la pili zima lilikuwa juu ya mahindi. Watoto hamsini na tatu, miguu mitupu, wamefanya duara, wanaruka na kutua, wanaruka na kutua, punje zinarushwa pembeni kama maji ya dimbwi. Katikati, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, Redempta anaongoza wimbo. Pembeni yake Sayi, binti wa Ngeleja, Msukuma mwenye ng'ombe wale wanaokaa kule bondeni. Mtoto wa watu hajui hata neno moja la Kifipa, lakini anaitikia kuliko wote.

Na ndiyo, bibi alicheka. Huo ndio ukweli. Kabla ya kuona hatari alicheka mpaka akashika kiuno.

"Tokeni! Tokeni kwenye mali ya watu!" Bwana Flavian alikuwa anakimbia, na kiatu kimoja kikamvuka.

Watoto hawakukimbia. Walisimama wanahema, mashavu yamewaiva, wakamtazama kwa uso wa mtu aliyemaliza kazi vizuri. Redempta akamsogelea.

"Tumeshakanyaga," alimwambia. "Togwa iko wapi?"

Waliswagwa kwa fimbo mpaka pembeni. Wanawake wa reki wakaacha kufanya kazi, kengele ikagongwa ya dharura, shule nzima ikatolewa nje na kupangwa mstari ukutani. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu watoto walitoka saa nne, nao walitolewa kuja kutazama.

"Mama Redempta, sogea hapa," Mwalimu Raymond aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakumtazama.

Getruda akaja na reki yake mkononi.

"Mwanao ndiye kiongozi," Bwana Flavian alisema. "Sasa mimi nifanye nini? Nimwajiri mtu ambaye nyumba yake inaniharibia mali? Mahindi yamejaa udongo, mnunuzi atasema nimemletea chakula cha nguruwe."

"Samahani, bosi. Mtoto hajui."

"Basi mfundishe. Hapa hapa. Nitajua uko upande gani."

Mwalimu Raymond akampa fimbo. Alimpa kama mtu anavyompa mwingine kitu cha moto, haraka, ili kisimuunguze yeye.

Bibi Kristiana akausogelea ua. Alishika minyaa, utomvu ukamtiririkia vidoleni. Alimwona binti yake akigeuka kuitazama foleni ya watoto, akawatazama wenzake sita wa reki, na wenzake sita wakatazama chini. Alimwona akiinua mkono. Fimbo nne. Ya nne ilikuwa nyepesi mno, Bwana Flavian akasema hiyo haihesabiki, ikapigwa ya tano.

Redempta hakulia. Alikuwa akitazama miguu ya mama yake, iliyokuwa myeupe kwa vumbi la mahindi mpaka kwenye vifundo.

*

Jioni ile nyumba ilikuwa na watu watatu. Ugali ulipoa. Mwishowe Getruda akatoa karatasi kifuani.

"Soma, mama. Mimi macho yanauma."

Macho yake hayakuuma. Bibi Kristiana akaisogeza karatasi kwenye kibatari, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, maana elimu yake ya darasa la nne ilikuwa bado inafanya kazi ikipewa muda. Mwanafunzi Redempta amesimamishwa shule kwa kuongoza uharibifu wa mali. Atapokelewa baada ya mzazi au mlezi kuomba radhi mbele ya mkutano wa wazazi, siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi. Chini yake kulikuwa na ajenda ya pili ya mkutano huohuo: kuridhia mwekezaji kujenga ghala la kudumu katika eneo la wazi la shule.

"Eneo la wazi," bibi alirudia. "Ndilo jina lake jipya?"

"Mama, nenda wewe ukaombe radhi. Mimi sipewi ruhusa. Ijumaa lori linakuja, lazima nifunge magunia."

"Unaniamini mimi nikaombe radhi?"

Getruda alimjua mama yake. Msibani aliwahi kumchekesha mjane. "Uombe radhi ya kweli. Usilete mambo yako. Mtoto akikosa shule, na mimi nikikosa kibarua, tutakula huo utani wako?"

"Nitaomba radhi ya kweli," bibi alisema.

Redempta, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka kwa sababu hakuweza kukaa, akageuza shingo. "Bibi, tulikanyaga vibaya?"

Bibi akaikunja karatasi.

"Mlikanyaga vizuri sana," bibi akasema.

"Basi mbona mama..."

Getruda akasimama, akatoka nje. Walimsikia akiizunguka nyumba. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakuwa anatafuta kitu.

*

Ijumaa wazazi waliketi ukingoni mwa uwanja, wengine kwenye madawati, wengine kwenye mawe, migongo imeupa upepo. Hapakuwa na darasa linaloweza kuwachukua wote, na hilo lenye nafasi halikuwa na paa. Mbele yao mahindi yalikuwa yamewekwa upya, yameng'aa, na wanawake saba wakiyageuza mara ya mwisho kabla ya kufunga magunia, lori likisubiri pembeni. Madarasani watoto walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha.

Bibi Kristiana alikuja na Redempta upande mmoja, na upande wa pili mtungi wa togwa uliofunikwa kwa sahani.

"Hicho nini, Bibi?" aliuliza Mzee Tadei, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mwema aliyependa mikutano iishe mapema.

"Deni la mtoto. Endelea, mwenyekiti."

Ajenda ya kwanza ikasomwa. Bibi akasimama, akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Nimeitwa kuomba radhi, nami naomba. Nimemwahidi mwanangu kwamba nitaomba radhi ya kweli. Kwanza, naomba radhi kwa ajili ya miguu. Nilimzaa Getruda na miguu miwili, naye akamzaa huyu na miwili. Hatukujua kwamba shule siku hizi inapokea watoto kuanzia kiunoni kwenda juu."

Wazazi wakaguna, wengine wakacheka na kuficha cheko kwenye khanga. Mwalimu Raymond akainamia makaratasi yake.

"Pili, naomba radhi kwa sababu uwanja huu ni mgumu. Bwana Flavian ameupenda kwa ugumu wake, hahitaji hata turubai. Kosa hilo ni letu. Mwaka tuliojenga shule hii kwa mikono yetu, palikuwa na vichuguu na mashimo tu. Sisi wanawake tulibomoa vichuguu, tukachota maji mtoni, tukachanganya na mavi ya ng'ombe, tukakanyaga siku tisa kama tunavyokanyaga uwanja wa ulezi. Mimi nilikuwa na mimba ya huyo hapo mwenye reki. Tuliambiwa watoto wapate mahali pa kukimbia wasivunjike. Na toka hapo kila siku saa nne watoto wameukanyaga, ndiyo maana haujawahi kuota jani. Tungejua tunamtengenezea tajiri, tungeacha mashimo."

"Bibi, fupisha," Mzee Tadei alisema.

"Nafupisha. Tatu, naomba radhi kwa ajili ya kichwa cha mtoto huyu. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba nafaka ikitandazwa uwanjani, watoto wanaingia, wanaruka, wanakunywa togwa. Nilisahau kumfundisha aulize kwanza nafaka ni ya nani. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuona mahindi ya mgeni yakianikwa juu ya mchezo wa mtoto. Kapigwa kwa ujinga wa bibi yake. Kama kuna fimbo imebaki, nipigeni mimi. Lakini mtafute mtu wa kunipiga ambaye sikumzaa."

Hapo hakuna aliyecheka. Kule kwenye mahindi reki moja ilikuwa imesimama.

Bwana Flavian alikuwa na kiti cha peke yake. Akasimama, akafungua vifungo vya koti. "Wazazi wangu, bi mkubwa anaongea vizuri, lakini tuseme kweli. Anapigania viazi vyake. Watoto wasipotoka, yeye hauzi."

"Ndiyo," bibi akasema. "Na viazi pia. Ulidhani nitaona aibu? Mtoto aliyekimbia ana njaa, anakula kiazi na ganda lake. Hawa wa kidole mdomoni mwalimu wa darasa la tano aliniombea ruhusa nikawapitishia viazi dirishani. Wakavishika tu, wakasema hawataki. Ndipo nilipojua wanaumwa. Wewe una mashine ya kupimia unyevu wa mahindi, mimi nina sufuria."

"Na bati?" Mwalimu Raymond alisimama ghafla, na sauti yake sasa ilikuwa kubwa. "Bibi, shikamoo, nakuheshimu. Mvua ikianza nitawaweka wapi darasa la tatu? Nani atanipa bati? Wewe? Ninyi? Mlichangishwa mwaka jana, nikapata kuku wawili na maneno! Mnadhani mimi napenda kuwafungia? Mnadhani nilizaliwa hivi?"

Ilikuwa kweli, na kila mtu alijua ni kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli wazazi wengi walianza kutazama vidole vyao vya miguu.

Ngeleja, baba yake Sayi, alikuwa amesimama nyuma kabisa akiwa ameegemea fimbo yake ya kuchungia. Watu wa mikutano walizoea kwamba hasemi. "Mwalimu, kuku mmoja katika wale alikuwa jogoo wangu," alisema taratibu. "Nilimtoa faini, ng'ombe wangu wawili walipopita hapa. Kamati iliniambia, Ngeleja, umeharibu uwanja wa watoto. Nikakubali. Nilisema hawa watu wanapenda watoto wao, nitakaa nao. Sasa kama si uwanja wa watoto, naomba jogoo wangu."

Kicheko kilichotoka hapo kilimshtua hata Ngeleja.

"Na bati zipo," akaendelea. "Ghala la ushirika lina bati nzima. Wanaosoma mle ni popo. Tajiri akodi kule."

"Kule kuna kesi!" Bwana Flavian alisema.

"Na hapa kesi haipo kwa sababu watoto hawajui mahakama ilipo," bibi akamjibu.

"Basi, basi!" Mzee Tadei akapiga meza. "Tupige kura tuende nyumbani. Wanaoridhia ghala..."

Na hapo kiranja akatoka ofisini, kwa sababu ilikuwa saa nne na yeye kazi yake ni kengele. Akaigonga rimu mara tatu. Mlio ukaenda, ukatambaa juu ya mahindi, ukafika kwenye minyaa, ukafa.

Jedwali la kuzidisha lilinyamaza. Hakuna mlango uliofunguka. Shule ya watoto mia nne ilikaa kimya kiasi kwamba upepo ulisikika ukipita kwenye kuta tupu za darasa lisilo na paa, na mtoto mmoja mahali fulani akikohoa. Wazazi wengi walikuwa hawajawahi kuwapo hapo saa hiyo. Walikuwa wameambiwa habari za mapumziko kusimama kama mtu anavyoambiwa bei ya mafuta ya taa imepanda. Sasa walisikia. Mama mmoja akasimama nusu, akakaa tena. Mikono iliyokuwa imeanza kunyooshwa kwa ajili ya ghala ikabaki hewani bila kujua iende juu au chini.

Halafu ikasikika reki.

Getruda alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Aliivuta reki kuelekea kwake, mara moja, mara mbili, kisha akaanza kusukuma mahindi pembeni. Alisukuma kwa nguvu, kwa mgongo uleule unaouma, na udongo mwekundu ukaanza kuonekana kama kitu kinachofumbua jicho.

"Mama Redempta!" Bwana Flavian aliita. "Unafanya nini?"

"Nageuza mahindi, bosi."

"Unayageuzia wapi?"

"Pembeni."

"Weka reki chini! Huna kazi hapa kuanzia sasa hivi!"

"Nikimaliza."

Mwanamke wa nne kutoka kushoto alimtazama, akatazama lori, akachukua reki yake akaja. Watano waliobaki hawakusogea, kwa kuwa nao walikuwa na madaftari ya kununua, na hakuna wa kuwalaumu. Wawili walitosha. Njia ilifunguka kutoka mlango wa darasa la pili mpaka katikati, ikapanuka, ikawa duara ambalo ng'ombe watano wangeweza kulala.

Bwana Flavian alimgeukia Mwalimu Raymond. "Mwalimu, sema kitu. Bati zako hizo zinaondoka."

Mwalimu Raymond alitazama paa lisilokuwapo. Alitazama lile duara jekundu. Akafungua mdomo, na watu wote wakasubiri, na wenzake walimu wakasubiri mlangoni. Kisha akakaa chini, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akakishika tu.

Bibi Kristiana mambo yake yote alikuwa ameshayasema, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na nyongeza. Aliona binti yake anavyohema, kitenge kimemfunguka kichwani, na akajua kwamba Jumatatu watakuwa wawili nyuma ya sufuria moja, na kwamba sufuria yenyewe ni ndogo. Akafunua mtungi wa togwa.

Redempta alikuwa amesogea mpaka pale mahindi yanapoishia. Vidole vyake vya miguu viligusa ukingo wa udongo, vikarudi. Bado alikuwa anatembea kwa upande mmoja. Alimtazama mama yake, na mama yake akamtazama, mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Mama. Nikikanyaga?"

Getruda akajifuta uso kwa kiganja, vumbi likampaka mweupe paji zima.

"Kanyaga."

Mtoto akaingia. Hatua moja, ya pili, kisha akaruka akatua kwa miguu yote miwili, na mlio wa kutua kwake ukasikika mpaka madarasani. Dirisha la darasa la pili likajaa vichwa. Sayi ndiye aliyetangulia kuruka, hakupita hata mlangoni. Kiranja, aliyekuwa ameachwa peke yake chini ya mkaratusi bila amri ya mtu, alifanya jambo pekee alilojua kufanya, akaigonga kengele mara ya pili. Hakuna aliyeisikia.